Paje na watoto: uliza kwanza maji yanatoka au yanaingia

Dada umeuliza kama Paje, huku pwani ya mashariki ya Unguja, ni salama kwa watoto wawili na baba yao asiyejua kuogelea, mnakuja mwezi wa saba. Mi nimekulia Jambiani hapo jirani na kazi yangu ni kupeleka wageni mwambani (ule ukuta wa matumbawe kule mbele baharini) kwa ngalawa, basi nakujibu kwa ninachokiona kila siku. Panafaa sana, ila watu wengi wanaogopa mawimbi wakati mawimbi yanavunjikia kule mwambani, huku ndani pametulia. Cha kuogopa ni maji kupwa na kujaa.

Siku za bamvu, yani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakauka mbali sana saa nne saa tano asubuhi, kina mama wanaolima mwani wako kwenye mashamba yao humo baharini, na mgeni anaona mchanga mweupe anaanza kutembea kwenda mwambani anapiga picha. Sasa maji yakigeuka hayaji kwa mbele yako ukayaona, yanapita pembeni kwenye vibonde yanajaa NYUMA yako, ukija kushtuka ulipopita kwa kifundo cha mguu sasa ni kifuani na mtoto hafiki chini. Kwahiyo mkitaka kwenda huko nendeni na mwenyeji, na yakianza tu kuingia mnarudi hapohapo, picha baadaye.

Kuogelea, subirini yajae, siku hizo za bamvu ni kama saa tisa mpaka kumi na moja jioni. Vaeni viatu vya maji maana kuna wale wadudu weusi wa miiba wanaokaa chini na vijiti vya kufungia mwani ambavyo maji yakijaa havionekani. Halafu mwezi wa saba ni kusi, upepo wa kutoka kusini, kaiti (yale matiara makubwa yanayowavuta watu juu ya maji) ni nyingi mno, zile kamba zinakata, watoto wasichezee zinaporushwa.

Kwenye mlango wa mwamba, yani pale ulipoachana maji yakapita, msiogelee kabisa maji yakiwa yanatoka, ule mkondo hata sisi hatushindani nao. Ukibebwa usipambane kurudi ulikotoka, lala chali uelee, nyoosha mkono, ukipata nguvu toka kwa ubavu. Na baba yao akiona mtoto anazidiwa ASIRUKE, naomba sana hili mwambie, amrushie dumu tupu lenye kifuniko apige kelele watu waje.

Boti yoyote au jetiski, jaketi kwanza, na livaliwe lifungwe, sio la kukalia. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto halifai, akiangukia majini linampanda kichwani yeye anachomoka chini, kama hawana saizi yake hapandi.

Mtu akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika (pima maji kwanza kwa mguu wake usioumia, usimuunguze) nusu saa mpaka saa na nusu, kisha hospitali.

Weka tarehe zenu hapa nikuangalizie maji yatakuwaje.