Maswali ya Wasomaji: Kula, Kuvaa na Kuishi Lubumbashi

Barua za mwezi huu kutoka Kivu zinauliza zaidi kuhusu Lubumbashi, kwa sababu ya kazi, masomo na biashara zinazowavuta watu kuelekea kusini. Tumechagua nne.

SWALI: Mume wangu amepata kazi katika kampuni ya madini, na mwezi wa sita familia nzima itahamia Lubumbashi. Watoto wangu wamezoea ugali wa muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Watu wananiambia kwamba huko kila kitu ni mahindi, samaki ni wa barafu tu, na kwamba nguo za baridi niziache nyumbani kwa kuwa mji wa kusini ni wa jua. Nijiandae namna gani? — *Mama wa watoto wanne, Kadutu, Bukavu*

JIBU: Mama, aliyekuambia habari za jua bila shaka alifika huko mwezi wa kumi, wakati joto linapowachosha watu wakisubiri mvua. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na ninyi mtashuka katikati ya kiangazi, ambapo mchana mbingu ni nyeupe na jua linawaka, lakini usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Watoto wanaokwenda shule alfajiri huvaa sweta, kofia na soksi. Basi funga nguo za baridi zote ulizonazo, na mablanketi pia. Jambo jingine litakalowashangaza watu wa Bukavu, waliozoea mvua karibu mwaka mzima, ni kwamba kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hainyeshi, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya kabati lililofungwa.

Kuhusu mahindi, wamekuambia kweli. Chakula cha hapa ni bukari, yaani ugali, ya unga mweupe wa mahindi, ambayo huanzwa kwa uji mwepesi, ukaachwa utokote vizuri, kisha unga huongezwa kidogo kidogo huku mkono ukisonga bila kupumzika. Hapo ndipo wageni wengi hukosea: humimina unga wote katika maji ya moto kama wanavyofanya kwa muhogo, na wanapata mabonge. Hata hivyo, mama wengi wa Lubumbashi huchanganya unga kidogo wa muhogo ili bukari ishikane, na mimi ningeanza na njia hiyo kwa ajili ya watoto, nikiupunguza muhogo kadiri wanavyozoea.

Unga huuzwa kwa mfuko wa kilo 25 au, sokoni, kwa kipimo cha meka. Sehemu kubwa hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, mpaka ulio umbali wa kilomita 90 na kitu, kwa hiyo ukame ukiipiga Zambia, au serikali yake ikizuia mahindi yasitoke, bei ya Lubumbashi hupanda kabla hata mwezi haujaisha. Mke wa nyumba wa hapa hufuatilia habari za mpakani kama wengine wanavyofuatilia siasa, na nadhani anapata faida kubwa kuwashinda. Mtafika wakati mavuno mapya yanaingia sokoni. Mkiwa na uwezo, nunueni mifuko ya akiba wakati huo, wala msingoje mwezi wa kwanza, ambapo maghala yamepungua na mahindi mapya bado yako shambani.

Samaki, mama, wasikutie hofu. Ni kweli kwamba samaki wa barafu kutoka ng'ambo wako kila sokoni, lakini samaki wa Mto Luapula na Ziwa Mweru hufika kupitia barabara ya Kasenga, na dagaa waliokaushwa hutoka Ziwa Tanganyika. Tena kuna jambo la kuwasimulia watoto mezani: sambaza wenyewe si wenyeji wa Ziwa Kivu, kwani walichukuliwa Tanganyika na kupandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo dagaa mtakaowakuta Lubumbashi ni ndugu wa wale mliowaacha, ingawa wakiwa wakavu huhitaji kulowekwa na kuoshwa mchanga mara kadhaa kabla ya kukaangwa na nyanya. Mboga za sombe, lengalenga na matembele mtazipata kama kwenu.

Ila msubiri mvua zianze, mwezi wa kumi na moja. Ndipo uyoga unapoanza kuuzwa kando ya barabara zinazotoka mjini, na mmoja wao, unaoota juu ya vichuguu, huweza kuwa na kofia pana kiasi cha kumfunika mtoto asinyeshewe. Vichuguu vyenyewe ni vilima halisi, vingine vikipita urefu wa nyumba, na udongo wake ndio watu wanaoufyatulia matofali ya kuchoma. Usishangae kukiona kimoja kimekatwa nusu kama mkate. Uyoga nunua kwa muuzaji anayejulikana mtaani, na usiwaache watoto wajichumie.

SWALI: Nitakuja Lubumbashi kwa siku chache kutafuta bidhaa. Nikimaliza shughuli zangu, nile nini jioni, na nirudi na zawadi gani? — *Mfanyabiashara wa Birere, Goma*

JIBU: Kula michopo, bwana. Ni nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya makala, na jua likizama moshi wake ndio utakaokuongoza hadi mahali, hasa ukiwa katika mitaa ya Kamalondo au Kenya. Chagua kipande mwenyewe na mpatane bei kabla kisu hakijashuka, kwa maana nyama ikishakatwa nguvu ya kubishana imekwisha. Muuzaji ataikatakata juu ya gogo, ataichanganya na vitunguu vibichi, chumvi na pilipili, kisha atakukabidhi katika karatasi ya kaki. Ukiwa na dola, zikague kabla ya kuondoka Goma, kwa sababu noti iliyochanika hata kidogo itakataliwa.

Zawadi ya kubeba ni malakiti, lile jiwe la kijani linalopatikana pamoja na shaba, ambalo mafundi hulichonga kuwa shanga, masanduku madogo na sanamu za wanyama. La kweli ni zito na baridi mkononi, na mistari yake haifanani kipande kwa kipande. La plastiki ni jepesi na hupata joto la kiganja upesi. Utapata pia misalaba ya shaba, mfano wa ile iliyokuwa fedha ya Katanga zamani. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, lenye urefu wa mita 153, halihitaji ulitafute: litakuona wewe kwanza.

SWALI: Nimepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wenzangu wanasema ni lazima nichague kati ya timu za soka za Mazembe na Lupopo kabla sijafika. Ni mzaha? — *Kijana wa Ibanda, Bukavu*

JIBU: Ni nusu mzaha. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939: Mazembe kwa mikono ya watawa Wabenedikto, Lupopo miongoni mwa wafanyakazi wa reli. Mazembe, wenye rangi nyeusi na nyeupe, wana makombe ya klabu bingwa Afrika ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 walicheza fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter Milan, jambo ambalo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yao. Watu wa Lupopo, wa buluu na manjano, watakujibu kwamba makombe si kitu mbele ya uaminifu. Sikiliza pande zote, na siku timu hizo zinapokutana vaa shati la rangi nyingine. Mwandishi wa safu hii ana upande wake, lakini mhariri amemkataza kuutaja.

SWALI: Je, munkoyo ni pombe? Kanisani kwetu tunabishana. — *Msomaji wa Himbi, Goma*

JIBU: Inategemea siku unayoinywa. Hupikwa uji wa mahindi, ukipoa kiasi hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na mizizi hiyo hugeuza wanga wa uji kuwa sukari, hata uji mzito ukawa mwepesi na mtamu bila kuongezwa chochote. Kesho yake ni kinywaji cha watoto na wazee, na hutolewa hata kwenye misiba. Ukiiacha siku kadhaa huchachuka, hutoa povu, na hapo kilevi huanza kuingia. Muulize mama anayeuza ameipika lini na kwa maji gani, onja kidogo, na ukihisi inachoma ulimi, mrudishie kikombe chake.