Kwa Daktari Anayeanza Ubingwa wa Watoto Nyanda za Juu Kusini

Mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya watoto huchukua miaka 3 hapa nchini, na katika muda huo utapewa mawaidha mengi kuhusu vitabu, mitihani na tasnifu. Mimi niliyefundishwa kazi hii katika wodi ya hospitali ya umma jijini Mbeya naliona jambo moja kuwa kubwa kuliko hayo yote: hali ya mtoto uliyemwona saa 3 asubuhi inaweza kuwa nyingine kabisa ifikapo saa 5, kwa hiyo rudi kitandani kwake. Mtoto wa miezi 4 mwenye nimonia anaweza kunyonya vizuri wakati wa raundi, na kabla ya mchana akawa amechoka kiasi kwamba pumzi zake zinapungua. Asiyemfuatilia atazihesabu pumzi hizo chache na kusema amepata nafuu, kumbe mtoto anaishiwa nguvu za kupumua.

Hesabu pumzi mwenyewe, kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia mapajani kwa mama yake. Tangu shahada ya kwanza unajua kwamba pumzi ni za kasi zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi miaka 5, lakini namba hizo hupata maana pale unapozirudia na kuandika saa pembeni yake. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokaza na familia kujifungia ndani na jiko la mkaa, watoto wa kifua huwa wengi, na wanaoungua moto nao huongezeka. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na nimesikia watu wakiutumia mwinuko huo kuvumilia kipimo cha oksijeni ya damu kilichoshuka. Usikubali hoja hiyo: mtoto mwenye kiwango kilicho chini ya asilimia 90 awekewe oksijeni, kisha apimwe tena akiwa nayo, kwa sababu mpira wa puani huchomoka na mtungi huisha.

Uliza mtoto ametoka wapi kabla hujauliza homa ilianza lini. Malaria ni chache kwenye miinuko ya Mbeya na Njombe, na mazoea hayo humfanya daktari asahau kwamba mama aliyeketi mbele yake ameshuka kwenye basi asubuhi hiyo akitokea Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, au mashamba ya mpunga ya Usangu, ambako mbu ni wengi. Uliza pia kuhusu Virusi vya Ukimwi, kwa upole na bila watu kusikiliza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, 11.1 kwa Iringa na 9.6 kwa Mbeya, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Kadi ya kliniki inayoonyesha kwamba mama alipimwa akiwa mjamzito na kukutwa salama haitoshi ikiwa bado ananyonyesha, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuingia baada ya kujifungua. Na kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kipimo cha haraka cha kingamwili hakithibitishi ugonjwa, kinahitajika kile cha kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe.

Utapiamlo mkali ndio utakaokufundisha kurudi kitandani kuliko ugonjwa mwingine wowote. Inauma kwamba mikoa inayolisha nchi kwa mahindi na viazi ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa karibu asilimia 57 mkoani Iringa, dhidi ya asilimia 30 kitaifa. Wanaofika kwetu wakiwa wamevimba miguu na wamepoa mwili hufa usiku, kwa sukari kushuka na baridi, zaidi ya wanavyokufa mchana. Kwa hiyo maziwa ya F-75, yale maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo mkali, ya saa 8 usiku ni dawa kama ilivyo sindano ya antibayotiki, na daktari wa zamu anapaswa kuhakikisha kwa macho yake kwamba mtoto ameyapata. Kadhalika mama akisema mtoto ana degedege, pima sukari kwanza. Maswali ya kama walipita kwa mganga yatasubiri, na yaulizwe bila kumkemea.

Jihadhari na dripu ya haraka. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ukiwa na watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi kuliko ambao hawakumiminiwa. Haukuwahusisha watoto wa kuhara, ambao wana taratibu zao. Ninautaja kwa sababu ulifanyika katika wodi zinazofanana na zetu, na kwa sababu anayeamua kuongeza maji inampasa kukaa pale pale, akipapasa ini na kusikiliza mapafu kila baada ya muda mfupi.

Masista wa wodini wanawaona watoto hao saa zote ambazo wewe hupo. Sista mzoefu akikuambia, "Dokta, huyu simpendi alivyo," nenda, hata kama vipimo vyote ni vizuri. Bibi aliyekuja na mjukuu naye msikilize, na ikiwa anaeleza vizuri zaidi kwa Kinyakyusa au Kisafwa, mwombe mtu amfasirie. Unapokabidhi zamu, pita na mwenzako kwenye vitanda vya waliozidiwa badala ya kumsomea majina ofisini. Mtoto akifariki, keti chini na mama, mwambie kwa maneno ya wazi kwamba mwanawe amefariki, na usiondoke upesi. Makaratasi yanaweza kungoja. Kisha kula kitu na ulale unapopata nafasi, kwa maana uchovu hupunguza hamu ya kurudi kitandani kabla haujapunguza ujuzi.

Kuhusu tasnifu nitasema kwa ufupi. Andika pendekezo lako mwaka wa kwanza, kwa sababu kibali cha maadili huchukua muda, na uchague swali ambalo majibu yake yamo katika wodi yako: kwa mfano, ni watoto wangapi wa nimonia wanaopimwa oksijeni mara ya pili ndani ya saa 4 baada ya kulazwa, na ni nini kinachowazuia wengine kupimwa.