Mapafu Yanapobeba Mzigo wa Figo: Ushauri kwa Daktari Anayeanza Zamu ya Wagonjwa Mahututi

Usiku mmoja wa Jumapili tulimpokea mzee aliyekuwa akihema mara 36 kwa dakika, pumzi ndefu na nzito, kama mtu aliyetoka kukimbia ilhali alikuwa amelala kitandani. Binti yake alinifuata hadi mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi akaniuliza, "Daktari, mbona baba anahema hivi na mmesema kifua chake ni kisafi?" Nilimjibu kwa haraka kwamba ni ugonjwa wa figo, nikaingia ndani. Laiti ningelitafakari swali lake kwa dakika mbili, nisingefanya kosa nililolifanya saa moja baadaye. Kosa hilo nalieleza hapa kwa ajili ya madaktari, matabibu na wauguzi wanaoanza kazi hii, wala si kwa ajili ya kumtibu mtu nyumbani.

Mzee huyo alikuwa na figo zilizokufa miaka mingi, amekosa dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili mfululizo, na mpira wake wa dialisisi wa shingoni ulikuwa umepata maambukizi yaliyokwisha kusambaa kwenye damu. Vipimo vya gesi za damu vilionyesha pH, kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, ya 7.18, bikaboneti, kizimua asidi cha damu, 7 na kabonidioksidi milimita 20 za zebaki. Mwili wa mtu mzima huzalisha kila siku asidi isiyoweza kutoka kwa pumzi, takriban milimoli moja kwa kila kilo ya uzani wake, na figo ndizo zinazoitoa. Figo hizo hizo hurudisha kwenye damu zaidi ya milimoli 4,000 za bikaboneti kila siku, ambazo vinginevyo zingepotea kwenye mkojo. Zinaposhindwa, linalobaki kwa haraka ni mapafu: mgonjwa huanza kufukuza kabonidioksidi ili pH isiporomoke, na hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akifanya. Kuhema kwake hakukuwa ugonjwa wa kifua. Ilikuwa tiba aliyojipa mwenyewe, na ndiyo pekee aliyokuwa nayo usiku ule.

Mimi nilimnyang'anya. Alikuwa ameanza kusinzia na kuchoka, nami nikaamua kumwingiza mpira wa kupumulia, uamuzi ambao hadi leo naamini ulikuwa sahihi. Nilimpa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, mpira ukaingia bila taabu, nikaiweka mashine kwenye viwango nilivyovizoea: pumzi 14 kwa dakika, mililita 450 kila pumzi. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni lita 6 na ushei kwa dakika, kwa mtu aliyekuwa akivuta lita 16 kwa nguvu zake mwenyewe. Sista wa zamu, mama mwenye uzoefu kunizidi, alisimama upande wa pili wa kitanda akatazama kioo cha mashine, kisha akanitazama mimi. "Daktari, huyu mzee alikuwa anapumua thelathini na sita. Umempa kumi na nne." Nilimwambia kwa kujiamini kwamba tutapima gesi baada ya nusu saa. Tulipopima, kabonidioksidi ilikuwa imepanda hadi 38, namba ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa ya kawaida kabisa, na pH ilikuwa 6.95. Shinikizo la damu lilikuwa limeanza kushuka na moyo ulikuwa ukiruka mapigo.

Tuliipandisha mashine hadi pumzi 32, tukiangalia isije hewa ikarundikana kifuani kabla haijatoka yote, na pH ikarudi 7.12. Mzee alipona, lakini kupona kwake hakunipi haki ya kusahau. Tangu siku hiyo, kabla ya kumlaza usingizi mgonjwa yeyote mwenye asidi nyingi, naandika kwenye kipande cha plasta nyeupe namba mbili, idadi ya pumzi zake na kabonidioksidi yake, nakibandika pembeni mwa kioo cha mashine. Mashine inaanzia hapo, haianzii kwenye mazoea yangu. Na kama pana uwezekano wa kuuahirisha mpira huo kwa saa chache mgonjwa akafika kwenye dialisisi akipumua mwenyewe, naupigania uwezekano huo.

Kabla ya kuzisoma namba, hakikisha ni namba za mgonjwa wako. Sindano yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nyingi ya maji huizimua damu na kuonyesha kabonidioksidi na bikaboneti za chini kuliko zilivyo. Povu la hewa likiachwa ndani huharibu kipimo cha oksijeni. Damu ikikaa juu ya meza huku mpokezi akitafutwa, chembe zake huendelea kula oksijeni na kutoa laktati, asidi ya chembe zinazokosa oksijeni, ukaja kumtibu mgonjwa kwa ugonjwa wa sindano. Mimi huitoa povu, huizungusha sindano taratibu kati ya viganja, kisha huipeleka mwenyewe. Wenzangu wamenicheka kwa hilo, na wana haki ya kucheka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi havilisemi kwa sababu waandishi wake wanaishi karibu na usawa wa bahari. Nilianza kazi Mombasa, na nilipohamia Nairobi nilishangaa kuona watu wasio na tatizo la kupumua wakiwa na kabonidioksidi ya 35 au pungufu kidogo. Mji huu uko juu karibu mita 1,800. Hewa ni nyepesi, na aliyeizoea hupumua zaidi kidogo bila kujua. Kwa hiyo mgonjwa wa Nairobi mwenye kabonidioksidi ya 43 anaweza kuwa anachoka mbele ya macho yako, ingawa karatasi ya maabara imemweka ndani ya mipaka ya kawaida ya 35 hadi 45.

Namba zikishakuwa za kuaminika, jiulize asidi imetoka wapi. Mimi hupima pengo la anayoni, tofauti inayodokeza asidi ambazo maabara haijazipima, kwa kila mgonjwa, bila kubagua: sodiamu, ukatoa kloridi na bikaboneti. Kwa mzee wetu ilikuwa 134, ukatoa 98 na 7, ikabaki 29, wakati kawaida ni kati ya 8 na 12. Lakini wagonjwa wetu wengi wana albumini, protini ya damu, ya chini, na albumini ikishuka pengo hufinyika na kuficha ubaya, hivyo ongeza 2.5 kwa kila gramu 10 kwa lita zilizopungua kutoka 40. Albumini yake ilikuwa 20, basi pengo la kweli lilikuwa 34. Kisha uliza kama mapafu yanaitikia inavyopasa: zidisha bikaboneti kwa moja na nusu, ongeza nane, na jibu likipishana na kabonidioksidi aliyo nayo mgonjwa kwa zaidi ya mbili, kuna tatizo la pili. Yake ilitakiwa iwe karibu 18.5, naye alikuwa na 20. Mapafu yake yalikuwa yamefika mwisho wa uwezo wake, na hesabu hiyo ilikuwa mbele yangu kabla sijaigusa dawa ya usingizi.

Hatari zaidi ni karatasi inayoonekana njema. Kijana mmoja aliyetapika siku nne, figo zake zikiwa zimefeli, alikuwa na pH ya 7.39 na bikaboneti 23, na daktari aliyeanza juma lile akaandika kwenye faili kwamba gesi ni za kawaida. Sodiamu ilikuwa 140 na kloridi 88. Pengo lilikuwa 29. Kutapika kulikuwa kumempandishia alkali, figo zikamrundikia asidi, na mambo mawili mabaya yakakutana katikati yakafanana na afya.

Pengo likiwa kubwa usiisingizie figo kila kitu. Tafuta laktati, tafuta sukari na ketoni, asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta, uliza kama alikuwa akitumia metformini, dawa ya kisukari ambayo figo zikilala hurundikana mwilini. Na nchini kwetu uliza kuhusu pombe, kwa upole na mbali na masikio ya ndugu. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli, kileo chenye sumu cha viwandani, iliua watu wengi katika kaunti kadhaa, na mgonjwa wa namna hiyo huja akiwa na asidi nyingi na macho yanayoona ukungu, huku saa zikimkimbia.

Binti wa mzee aliniuliza siku ya pili kwa nini baba yake asipewe magadi, kama yale yanayolainishia maharage, maadamu shida ni asidi. Nilicheka kidogo, kisha nikaona kwamba swali lake ndilo tunalobishania madaktari miaka yote. Bikaboneti ya mshipani tunayo. Mwaka 2018 utafiti wa Ufaransa uliwahusisha wagonjwa mahututi 389 wenye pH ya 7.20 au chini yake. Kwa jumla haukuonyesha faida ya wazi, ila katika kundi la wale ambao figo zao zilikuwa zimeumia vibaya, waliopewa bikaboneti walikufa wachache zaidi. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, uliotolewa 2025 na kuwalenga hasa wagonjwa wa figo wa namna hiyo, haukuona tofauti ya vifo, ingawa waliopewa bikaboneti walihitaji mashine ya dialisisi mara chache zaidi. Ninavyoona mimi, bikaboneti ni daraja la kumvusha mgonjwa hadi kwenye tiba yenyewe, na daraja ni kitu cha thamani katika mji ambao mashine ya dialisisi inaweza kuwa upande wa pili wa msongamano wa magari.

Ila daraja hilo lina gharama tatu. Ya kwanza ni sodiamu, ambayo mtu asiyekojoa hana pa kuipeleka, akajaa maji mapafuni. Ya pili ni kabonidioksidi, kwa sababu bikaboneti ikikutana na asidi hutoa hewa hiyo, na mgonjwa asiyeweza kuitoa kwa pumzi utamzidishia shida. Ya tatu niliijua kwa kuiona. Mama mmoja wa makamo alipewa chupa za bikaboneti ya asilimia 8.4, milimoli moja kwa kila mililita, zikasukumwa moja baada ya nyingine bila kuzimuliwa. Baada ya muda mfupi vidole vyake vilianza kujikunja, kidole gumba kikaingia ndani ya kiganja na kifundo kikapinda, naye akilalamika kwamba midomo inamchonyota. pH yake ilikuwa imepanda vizuri. Kalsiamu huru, ile isiyoshikwa na protini, ilikuwa imeshuka hadi 0.8, kwa sababu damu ikipungua asidi albumini huikamata kalsiamu zaidi. Siku hizi naizimua hadi asilimia 4.2 kwa kiasi sawa cha maji ya sindano, naipitisha polepole kwa nusu saa, na siagizi dozi ya pili kabla ya kuiona kalsiamu na potasiamu.

Kuhusu dripu nitasema wazi kwamba tunawatia wagonjwa asidi kwa mikono yetu. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ina kloridi 154, wakati damu ina kama 100. Nimeona mgonjwa wa maambukizi akipewa lita tano, laktati ikishuka kama tulivyotarajia huku pH nayo ikizidi kushuka, watu wakiagiza dawa kali zaidi za bakteria, kumbe kloridi ilikuwa imefika 118 na pengo la anayoni lilikuwa la kawaida. Wengi huogopa dripu ya Ringer kwa mgonjwa wa figo kwa sababu ina potasiamu. Ina milimoli 4 hivi kwa lita. Maji yenye potasiamu ya 4 hayawezi kuipandisha potasiamu ya mtu mwenye 6, ilhali dripu ya chumvi, kwa kuongeza asidi, huisukuma potasiamu itoke ndani ya chembe. Wodi nyingi bado zinaning'iniza chumvi kwa mazoea tu.

Dialisisi yenyewe ianze lini? Mwaka 2020 utafiti wa kimataifa wa wagonjwa karibu 3,000 ulionyesha kwamba kuwahi kabla ya dalili za dharura hakuokoi maisha zaidi, na kwamba miongoni mwa waliopona, wale walioanzishwa mapema walibaki wengi zaidi wakitegemea mashine baada ya siku 90. Hilo lisikupe uvivu. Potasiamu inayopanda huku mashine ya moyo ikionyesha mabadiliko, maji mapafuni yasiyosikia dawa, pH inayobaki chini ya 7.2 baada ya kufanya yote niliyoyataja, haya hayasubiri asubuhi. Nasi hapa Nairobi tuhesabu pia saa za njiani. Niliwahi kungoja saa tano kupata gari la wagonjwa lenye mashine ya kupumulia, mgonjwa akiwa na karatasi ya rufaa mkononi na kitanda kikimsubiri kwingine. Kwa hiyo simu ya kwanza naipiga namba zinapoanza kuharibika, hata kama nitakuja kuifuta safari baadaye.

Mzee alifanyiwa dialisisi iliyochukua saa nne alfajiri ile na nyingine siku iliyofuata, na mpira wa shingoni uliooza tukautoa. Siku ya tatu ndipo nilipokaribia kukosea tena, safari hii upande wa pili. Maji ya dialisisi kwa kawaida hubeba bikaboneti ya 32 hadi 35, na asidi ilipokwisha kutoka, bikaboneti yake ilifika 31. Nilipojaribu kumwachisha mashine alipumua mara nane tu kwa dakika, pumzi fupi, nami nikadhani ni mabaki ya dawa za usingizi. Sista ndiye aliyenionyesha karatasi. Mwili wenye alkali hauoni sababu ya kuhema. Tuliiomba timu ya figo ishushe bikaboneti ya mashine katika awamu iliyofuata, tukaacha kuharakisha, na siku ya nne tukautoa mpira wa kupumulia akiwa na bikaboneti ya 25, akipumua mara 18 kwa dakika.