Toa hiyo tyubu chini ya mgonjwa, mkuu, halafu ndio uendelee kusoma

Umeuliza ununue kiti mwendo gani na mumfanyishe mazoezi gani kaka yako aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Halafu katikati, kama jambo la kupita tu, umeandika kwamba ana wekundu kwenye kitokono, yaani mwisho wa uti wa mgongo juu ya makalio, mnausugua kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na mmemlaza juu ya tyubu ya pikipiki. Mkuu, hapo ndipo kidonda cha kulalia kinapoanzia, na hilo ndilo swali lako. Mengine yatasubiri.

Bonyeza hapo kwa kidole sekunde chache, uachie. Pakipauka kisha rangi ikarudi, mmewahi. Pakibaki vilevile, nyama ya chini imeshaanza kuumia ingawa ngozi ni nzima. Kwa sisi weusi usingoje wekundu: tafuta doa lililokoza kuliko pembeni yake, papase kama pana joto, pamekuwa pagumu au panabonyea kama embe lililoiva mno. Ukisugua unaumiza mishipa midogo ambayo tayari imebanwa. Tyubu nayo inabana duara zima, damu inashindwa kufika katikati, palepale mlipotaka kupaokoa.

Ushauri huo naujua. Sisi tulipewa siku mgonjwa wetu aliporuhusiwa, mlangoni mwa wodi, na mtu mwenye koti jeupe ambaye hata kukaa hakukaa: "Msugueni, mumuwekee tyubu." Kidonda kikachimba hadi mfupa. Mwenye kidonda cha kitokono hawezi kukalia kiti, kwa hiyo mazoezi yakasimama na kiti kikabaki ukutani miezi mingi. Mtu anayemkabidhi mama kazi ya kuuguza mgonjwa asiyehisi kitu kuanzia kiunoni bila kumwonyesha namna ya kumgeuza, amefanya ukatili.

Anageuzwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, hilo ndilo aliloling'ang'ania, wakati wagonjwa wa aina hii walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo.

Usimlaze ubavu kabisa, maana mfupa wa nyonga utabeba uzito wote. Mwinamishe nyuzi 30 hivi: mto nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Pitisha karatasi chini ya kisigino. Ikikwama, ongeza mto. Akisogezwa, watu wawili wamnyanyue kwa shuka, asiburutwe. Kichwa kisiinuliwe sana muda mrefu, anateleza taratibu na ngozi inavutwa. Kunjo la shuka, kifungo cha suruali, mpira wa mkojo uliolaliwa, kila kimoja kinatosha kutoboa.

Panapoharibika ni usiku. Wiki ya kwanza nyumba inajaa ndugu, wiki ya tatu amebaki mama peke yake, na zamu ya saa 8 usiku haina mwenyewe. Tundikeni daftari kwenye msumari karibu na kitanda, na kalamu imefungwa kwa uzi: saa, upande, jina la aliyegeuza. Shangazi anayesema "mwacheni apumzike" mpeni zamu ya saa 10. Simu ilie, mgonjwa ageuzwe, ngozi imulikwe kwa tochi, aliyegeuza aandike, arudi kulala.

Sehemu ilipobadilika rangi isilaliwe kabisa mpaka ipone. Ikichubuka, msiweke spiriti wala unga wa vidonge, mrudisheni hospitali. Mpeni mayai, maharage, dagaa, maana ngozi haijengwi kwa uji mtupu.

Kiti? Chochote mtakachonunua, kiwe na mto wake wa kuzuia vidonda, na akikikalia ainamishwe mbele dakika 2 katika kila nusu saa. Lakini asikikalie kabla hujabonyeza hapo kwa kidole. Kabonyeze sasa hivi, kisha uandike hapa ulichokiona.