Mombasa na Muscat kwenye mechi moja

SWALI: Mimi niko Mombasa, kakangu yuko Muscat. Kwenye gemu ya League of Legends hatuonani kabisa kwa sababu kanda zetu, yaani maeneo ya seva tulikosajiliwa, ni tofauti. Gemu za Dota 2 na Fortnite tunaingia pamoja, lakini lazima mmoja wetu agande, yaani mchezo wake uchelewe na kukwama. Tufanyeje? Na kwa nini kampuni zisizifute hizi kanda?

JIBU: Ndugu msomaji, vikwazo vyenu ni viwili. Cha kwanza kimewekwa na kampuni: akaunti ya League of Legends imefungwa kwenye kanda yake. Mmoja wenu alipie uhamisho, au afungue akaunti mpya upande wa mwenzake, ambayo ni bure ila anaanza ngazi ya kwanza. Dota 2 haina ukuta huo. Akaunti ni moja, kanda unaichagua kabla ya kutafuta mechi.

Cha pili ni umbali. Ndani ya faiba, nyaya za kioo zinazobeba data, mwanga hukata kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Mkongo wa chini ya bahari wa TEAMS, wa Mombasa hadi Fujairah huko Falme za Kiarabu, una karibu kilomita 5,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 50 hata kila mtambo ukifanya kazi barabara. Ukipata pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi kwa milisekunde, ya 70 au 80 kwenye seva ya Dubai, shukuru. Ikifika 200, huenda data zako zinazungukia Ulaya. Itazame njia yazo kwa amri ya tracert kwenye Windows.

Basi kutaneni Ghuba. Kwenye Dota 2 tia alama Dubai peke yake. Ukiacha na kanda nyingine, mfumo unaweza kuwapeleka huko. Kwenye Fortnite, ondoa chaguo la otomatiki na uweke Mashariki ya Kati. Inayofuatwa ni kanda ya kiongozi wa kundi, kwa hiyo kagueni mipangilio yake kwanza.

Kabla ya kuilaumu seva, ipime ruta yako. Kwenye Windows andika ping -n 100 kisha anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Majibu yakiruka kutoka 2 hadi 60, kasoro iko nyumbani: tumia waya, au hamia Wai-Fai ya GHz 5 na usogee karibu. Usiridhike na wastani. Pingi ya 90 iliyotulia inachezeka kuliko inayopanda na kushuka kati ya 50 na 180, maana gemu hukisia adui alipo, na kila mruko huvuruga kisio hilo.

VPN, huduma inayopitisha data zako kwenye seva nyingine, haifupishi bahari. Inasaidia tu pale njia ya mtoa huduma wako ni ya kuzunguka, na kakako wa Muscat asiiguse kabla ya kujua masharti ya Oman, ambayo ni makali.

Kufuta kanda zote kunategemea aina ya gemu. EVE Online, gemu ya vyombo vya angani, imewaweka wachezaji wake, isipokuwa wa China, katika ulimwengu mmoja, kwa sababu seva yake huhesabu matukio mara moja kwa sekunde. Counter-Strike 2, gemu ya kufyatuliana risasi, huhesabu mara 64. Hapo pingi ya 200 inakuua kabla hujamwona adui. Ukuta wa akaunti, lakini, hauna sababu hiyo. Gemu ya Guild Wars ya mwaka 2005 ilikuwa na maeneo ya kimataifa ambamo wachezaji wa kanda zote walikutana kwa akaunti zao zile zile, bila kulipia uhamisho.