Muulize Mwalimu: Kondoo mmoja, miaka saba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasikia zamani Mwairishi akiiba kondoo alipelekwa Australia. Kweli kwa kondoo tu? Na akimaliza kifungo alirudishwa kwao? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kweli, na hata kwa kipande cha kitambaa. Meli ya kwanza ya wafungwa kutoka Ireland moja kwa moja, Queen, iling'oa nanga bandari ya Cork 1791. Wizi mdogo kwa kawaida ulikuwa miaka 7. Njaa ya viazi ilipoanza 1845, watu waliiba wapate kula.

Wanaonigusa zaidi ni wanawake. Walisubiri meli gerezani Grangegorman, Dublin, wengine na watoto wao. Wakifika Hobart, mji wa Australia, wengi walifanywa watumishi wa ndani. Ukimjibu bosi jeuri, unapelekwa gereza la Cascades kufua nguo za watu. Kanuni za 1829 ziliamuru kundi la adhabu (Crime Class) livae herufi C kubwa ya njano: mgongoni, kwenye mkono wa koti na nyuma ya sketi. Sijui aliyebuni hilo alilalaje usiku!

Kurudi? Kwenda ilikuwa bure, nauli ya kurudi ujitafutie. Wengi walioa na kuolewa hukohuko.