Nusu bei kwa mizigo ya vita

Ndugu, umeuliza kama kampuni za reli za Marekani ziliitoza serikali bei kamili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mizigo mingi ya jeshi ilipita kwa nusu bei. Kuanzia 1850 serikali iligawa ardhi ya bure reli zijengwe, na punguzo likatokana na hapo. Hata kampuni ambazo hazikupewa ardhi zilikubali bei hiyo, zisije zikanyimwa mizigo.

Kwa upande wa mizigo, sheria ya 1940 ilibakiza punguzo kwa mali ya kijeshi tu, na hapo ndipo mvutano ulipoanza. Chukua lami ya kiwanja cha ndege cha wanamaji: kampuni ya reli ya Northern Pacific ilidai hiyo si mali ya kijeshi, ilipiwe bei kamili. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, serikali ikashinda 1947. Haki kabisa kwa maoni yangu, maana wananchi walishalipa kwa ardhi yao. Punguzo lenyewe lilikoma Oktoba 1946.

Usilinganishe na reli yetu iliyofika Nairobi 1899. Hiyo ilijengwa na serikali ya Uingereza yenyewe.